Jinsi Daftari la Michoro Linavyoweza Kukujengea Hali ya Kujiamini

Nafundisha watu wazima kuchora. Karibu kila anayeingia darasani mara ya kwanza huniambia, kabla hata hajakaa, kwamba hana kipaji, na kwamba angependa kwanza apate kujiamini ndipo aanze. Siyachukulii maneno hayo kijuujuu, maana nyuma yake mara nyingi yupo mtu aliyechekwa utotoni, na tangu siku ile hajashika penseli ila kwa kuandika. Hata hivyo naona amegeuza mpangilio. Mtu hujiamini katika jambo kwa sababu ameshalifanya, akaona limefanyika, akalirudia. Anayesubiri ajiamini kwanza anasubiri kitu kisicho na mahali pa kutokea isipokuwa kwenye kazi yenyewe.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alilieleza hili mwaka 1977. Kwa maelezo yake, imani ya mtu kwamba analiweza jambo fulani hutokana na vyanzo vinne: yale aliyoyafanya mwenyewe akafanikiwa, kuwaona wanaofanana naye wakifanikiwa, maneno ya kutiwa moyo, na namna anavyousoma mwili wake, kwa mfano moyo unapomwenda mbio. Cha kwanza ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Katika majaribio aliyofanya na wenzake kwa watu waliokuwa na hofu kubwa ya nyoka, waliosaidiwa hatua kwa hatua mpaka wakamshika nyoka kwa mikono yao walitoka na imani kubwa kuliko waliomtazama tu mtu mwingine akimshika.

Maneno matamu ya kujiambia hayawezi kuchukua nafasi hiyo. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaojidharau wakirudia sentensi ya kujisifu, kwamba wao ni watu wa kupendwa, hujisikia vibaya zaidi kuliko wasiorudia kitu. Nalielewa hilo vizuri. Ukijiambia jambo ambalo moyo wako haulikubali, moyo unakujibu, tena kwa ushahidi. Basi tuupe moyo ushahidi mwingine. Nitatumia kuchora kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua; wewe unayetaka kuandika, kuimba, kushona au kupiga gitaa, utabadilisha vifaa tu.

Chagua uwanja mdogo

Usiseme unataka kujifunza kuchora. Sema unataka kuchora mikono. Au vikombe. Au viti, au nyuso zilizotazamwa kwa upande. Kaa na kitu hicho kimoja kwa wiki sita hivi kabla ya kufikiria kingine.

Wanafunzi wangu huliona sharti hili kuwa la kuchosha, nami silegezi. Anayechora mlima leo, paka kesho na uso wa bibi yake kesho kutwa hana namna ya kuona kama amesogea, kwa sababu hana viwili vya kulinganisha. Anayechora mkono wake wa kushoto kila siku, baada ya majuma machache anaweza kuweka karatasi ya kwanza kando ya ya jana, na tofauti anaiona bila kuambiwa na mwalimu. Kuona huko ndiko tunakokutafuta. Kujiamini hakuji kwa jumla. Huja kwa jambo moja, halafu jingine. Daktari wa upasuaji mwenye mkono usiotetemeka anaweza kuogopa kusimama kutoa hotuba arusini, na hakuna la ajabu hapo.

Mkono ni chaguo zuri kwa sababu unao muda wote, hauchoki kukaa mkao, na una ugumu wa kutosha kukufundisha kwa miezi.

Muda na mahali

Dakika 20 zinatosha. Ukiwa na 10 tu, chukua 10. Lililo muhimu ni kuzifunga kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kujilazimisha: ukishaondoa vyombo vya chakula cha jioni, unafungua daftari, ukishamlaza mtoto, unafungua daftari. Mtaalamu Mjerumani Peter Gollwitzer amefanya kazi ya miaka mingi kuonyesha kwamba anayeamua mapema “likitokea hili, nitafanya lile” hutimiza nia yake kuliko anayebaki na nia tupu. Iandike sentensi yako kwenye jalada la ndani la daftari, kwa mwandiko unaosomeka.

Daftari na penseli vikae mezani, wazi. Vikiwa kabatini umejiongezea kazi mbili kabla ya kazi, yaani kukumbuka na kuvitoa.

Kuhusu muda wa mazoea kuota mizizi, utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 jambo jipya kuwa la kawaida, lakini kati ya mtu na mtu tofauti ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Kwa hiyo, mwenzako akizoea ndani ya mwezi nawe bado unajivuta, huna kasoro. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kuruka siku moja hakuharibu kitu. Naomba ulishike hilo, kwa sababu nimeona watu wengi wakiacha kabisa kwa ajili ya siku moja iliyowapita.

Daftari lisilochanwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona watu wakibadilika.

Nunua daftari lenye kurasa tupu zilizoshonwa au kubandikwa imara. Usitumie karatasi moja moja, maana zinapotea, na zile usizozipenda utazipoteza kwa makusudi. Penseli iwe 2B, laini kiasi cha kutoa mstari mweusi bila kukandamiza. Kifutio kiweke mbali kwa mwezi wa kwanza. Simaanishi kwamba kufuta ni kubaya. Mtu mwenye woga, akipewa kifutio, anatumia nusu ya muda wake kufuta, na mkono wake unajifunza kusitasita. Mstari ukikosewa, chora mwingine juu yake ukiwa mzito zaidi na uache ule wa kwanza uonekane. Wachoraji wakubwa wameacha mistari ya namna hiyo kwenye michoro yao ya maandalizi, na ukiitazama unaona namna walivyokuwa wakitafuta umbo.

Kila ukurasa una mambo matatu: tarehe, muda uliotumia, na sentensi moja chini yake. Sentensi hiyo ina kanuni yake. Haisemi kama mchoro ni mzuri au mbaya. Inasema ulichokiona. “Kidole gumba kinaanzia chini zaidi ya nilivyodhani.” “Kivuli cha kati ya vidole ni cheusi kuliko kivuli cha kiganja.” “Leo nilikandamiza penseli tangu mwanzo mpaka mwisho.” Mwanafunzi wangu mmoja, mhasibu kwa kazi, aliandika kwa majuma mawili mfululizo sentensi zinazofanana: “mbaya”, “mbaya sana”, “afadhali ya jana”. Nikamwomba awe anaandika kama anavyoandika kazini, ambako hawezi kuandika kwamba hesabu ni mbaya akaishia hapo. Lazima aseme ni mstari upi na umezidi kwa kiasi gani. Akaelewa papo hapo. Ukurasa uliofuata ulisema: “Kidole cha kati nimekirefusha kwa karibu theluthi.” Kuanzia hapo alikuwa na kitu cha kufanyia kazi kesho yake.

Na usichane ukurasa, hata ule unaokutia aibu. Ukurasa unaokutia aibu leo ndio utakaokuonyesha baadaye ulikotoka, na ukiuondoa umefuta nusu ya ushahidi wako. Kama huwezi kuvumilia kuutazama, bana kurasa mbili pamoja kwa kibanio na uendelee mbele. Utakuja kukiondoa mwenyewe.

Mazoezi yanayofundisha

Kuna kurudia kunakofundisha na kuna kurudia kunakochosha tu. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake waliandika juu ya wapiga fidla wa chuo cha muziki mjini Berlin. Waliokuwa bora walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa saa nyingi zaidi, na mazoezi ambayo watafiti hao waliyaona kuwa yanajenga ustadi ni yale yanayolenga udhaifu unaojulikana, yanayohitaji umakini wote, na yanayompa mpigaji namna ya kujua amekosea wapi. Mpigaji wa namna hiyo hupiga vipimo vinne vya wimbo, yaani kipande kifupi tu, vinavyomshinda, tena polepole, badala ya kupiga wimbo mzima anaoujua.

Katika mkono wa kushoto ulioweka mezani, hivi ndivyo ninavyopanga juma.

Siku mbili za kwanza, chora bila kutazama karatasi. Weka ncha ya penseli kwenye karatasi, weka jicho kwenye ukingo wa mkono, kisha vyote viwili viende pamoja, polepole kama sisimizi anavyotembea juu ya ngozi yako. Usiinue penseli wala usiteremshe macho. Kitakachotoka kitakuwa kimepindapinda na hakitafanana na mkono, na ndivyo kinavyotakiwa kiwe. Zoezi hili linakufunza kutazama, na linamwondolea mtu mzigo wa kupendezesha, kwa sababu hakuna awezaye kulifanya likapendeza. Wale wenye woga mkubwa ndio hulipenda upesi.

Siku mbili zinazofuata, acha vidole na uchore nafasi zilizo kati yake. Tanua mkono, tazama umbo la uwazi kati ya kidole gumba na cha shahada, na ulichore kama kitu chenye jina. Akili yetu ina picha yake ya kidole, iliyotengenezwa tukiwa wadogo, na huilazimisha mbele ya macho. Kwa uwazi haina picha, kwa hiyo inalazimika kutazama. Maumbo ya uwazi yakikaa sawa, vidole navyo vinajikuta mahali pake.

Siku ya tano, michoro ya haraka: dakika moja kwa kila mkao, mikao 10, kengele ya simu ikikuhesabia. Hapa hakuna muda wa kuogopa. Shika mwelekeo wa mkono na uzito wake, basi.

Siku ya sita ni ya mchoro mmoja wa taratibu, kwa muda wako wote. Ukiumaliza, usimamishe mbele ya kioo uutazame ulivyogeuzwa. Makosa ya uwiano ambayo jicho limeshayazoea yatajitokeza mara moja. Andika moja tu. Hilo ndilo somo la juma lijalo.

Siku ya saba pumzika, au chora unachotaka.

Anayeandika hadithi anaweza kujipangia hivyo hivyo: siku mbili za kueleza kitu kimoja kwa macho na masikio tu, siku mbili za mazungumzo yasiyo na maelezo, siku ya kuandika bila kusimamisha kalamu, siku ya kurekebisha aya moja mpaka itulie, na kuisoma kwa sauti, maana sauti kwa mwandishi ndiyo kioo chake.

Jicho linapoutangulia mkono

Mara nyingi kabla ya mwezi wa pili kwisha, mwanafunzi hunijia akiwa na huzuni ya kweli. Anasema amerudi nyuma. Michoro yake ya mwanzo anaiona ina uhai, ya sasa inamkera. Tunafungua daftari pamoja na kulinganisha, na karibu kila mara ya sasa ni bora kwa mbali. Kilichotokea ni kwamba jicho lake limejifunza upesi kuliko mkono. Zamani alikuwa hayaoni makosa kumi. Leo anayaona yote, na mkono unaweza kurekebisha matatu. Anaumia kwa saba yaliyobaki, wakati kule kuyaona kwenyewe ndiko kujifunza.

Ninalisema hili mapema darasani, siku ya kwanza kabisa, ili likifika mtu alitambue. Wengi huacha hapa, na wanaoacha hapa huondoka na imani kwamba wamejaribu wakashindwa, jambo linalowafanya kuwa wazito zaidi kujaribu kitu kingine. Mtafiti Robert Bjork amelieleza upande mwingine wa jambo hili: mazoezi yanayokwenda kwa shida, yaliyochanganywa na kuachiana muda, huonekana kuzaa kidogo wakati unayafanya, kumbe yanakaa zaidi kichwani kuliko yale mepesi. Hisia zako za jioni moja, basi, si kipimo cha kutegemea. Kipimo ni kulinganisha kurasa za mwezi huu na za mwezi uliopita.

Likikufika, punguza ugumu badala ya kusimama. Rudi kwenye michoro ya dakika moja kwa siku chache. Au tazama kazi za mtu aliyekutangulia kidogo tu, kama aliyeanza mwaka jana. Chanzo cha pili cha Bandura kinafanya kazi vizuri zaidi mtu unayemtazama anapofanana nawe. Bingwa aliyekuzidi miaka 30 anaweza kukupa furaha ya macho, ila hakuonyeshi hatua yako inayofuata.

Na kama umri ndio unaokusumbua, mkumbuke Vincent van Gogh. Aliamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na miaka 27, baada ya kazi nyingine kumshinda, na akaanza kwa kunakili, tena na tena, mazoezi ya kuchora yaliyotungwa na Charles Bargue kwa ajili ya wanafunzi. Alifariki mwaka 1890. Katika miaka hiyo 10 aliacha picha za rangi zaidi ya 800, na michoro mingi zaidi ya hiyo.

Fanya kazi iliyo yako

Mazoezi peke yake hujenga ustadi, na ustadi una heshima yake. Lakini nimeona watu wenye mkono mzuri ambao bado wanatetemeka, kwa sababu hawajawahi kuamua lolote. Wamenakili, wamefuata, wamesahihishwa. Kazi ya ubunifu inakudai uamuzi: nini kiingie, nini kibaki nje, mwanga utoke wapi, lini useme imekwisha. Kila uamuzi unaoufanya ukaishi na matokeo yake unakufundisha kuiamini akili yako, na kujiamini huko ndiko kunakodumu, kwa sababu hakutegemei kibali cha mtu.

Kwa hiyo, baada ya wiki sita za mazoezi, anza kazi moja. Ijiwekee mipaka, maana karatasi tupu na uhuru wote huwashinda hata wazoefu. Nawapa wanafunzi wangu mfano huu: michoro sita ya mikono ya mtu mmoja unayempenda, ikifanya kazi sita tofauti, kwa penseli tu, yote kwa ukubwa mmoja, kwa mwezi mmoja. Mwanamke mmoja alichagua mikono ya mama yake ikisuka, ikikunja nguo, ikishika miwani. Mchoro wa nne ulimsumbua, ukabaki na kidole kisichokaa sawa. Alitaka kuuanza upya na kuchelewesha yote. Nilimsihi auache, amalize sita, kisha kama bado unamkera auchore wa saba. Alimaliza. Wa saba hakuuchora, kwa sababu wakati huo alikuwa ameshaanza kufikiria mikono ya baba.

Kumaliza kuna uzito wake. Kazi 20 zilizoanzwa zinamwambia mtu kwamba yeye ni mwanzishaji. Kazi tatu zilizomalizika, hata zikiwa na kasoro, zinamwambia kwamba anaweza kutoka mwanzo hadi mwisho. Weka tarehe ya mwisho, na ikifika, tia saini, andika tarehe nyuma, funga. Kama kazi ni kubwa mno kwa tarehe hiyo, punguza kazi. Tarehe iache ilivyo.

Kuwaonyesha wengine

Hapa ndipo koo linakauka. Panda ngazi kidaraja kwa kidaraja. Kwanza mwonyeshe mtu mmoja ambaye una hakika anakutakia mema. Kisha mtu mmoja anayeijua kazi. Kisha kikundi kidogo cha wanaojifunza kama wewe. Kisha watu usiowajua. Kila kidaraja kirudie mpaka moyo utulie kiasi, ndipo upande kinachofuata. Usivuke vitatu kwa mkupuo ili ujithibitishie ushujaa, kwa kuwa ukiteleza hapo juu utarudi chini ya ulipoanzia.

Usitangulize msamaha. “Samahani, sijui kuchora vizuri, ila tazama tu” ni sentensi ninayoikataza darasani. Inamfundisha mtazamaji atafute kasoro, na inakufundisha wewe kwamba kazi yako inahitaji kuombewa radhi. Sema: “Hii ni mikono ya mama, nimeichora mwezi huu.” Kisha nyamaza. Hako kakimya ni kagumu, na ni mazoezi pia.

Usiulize “ni nzuri?” Swali hilo lina majibu mawili, na yote mawili hayakusaidii. Uliza “Jicho lako limeanzia wapi?” au “Kuna mahali umbo linakuchanganya?” Anayejibu maswali ya namna hii anakupa habari. Ukipokea maoni, usijitetee na usikubali papo hapo. Andika kwa maneno yake mwenyewe, lala nayo, kisha uyajaribu kwenye karatasi mpya. Yakisaidia, ni yako. Yasiposaidia, yaache. Na kuna mtu ambaye kila ukimwonyesha kazi unarudi nyumbani hutaki kuigusa tena. Huyo, hata awe ndugu, huna deni la kumwonyesha.

Moyo ukienda mbio kabla ya kuonyesha au kusoma mbele ya watu, usijilazimishe kutulia. Alison Wood Brooks wa chuo kikuu cha Harvard, katika utafiti wa mwaka 2014, aligundua kwamba watu waliojiambia “nina hamasa” kabla ya kuimba au kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia “nimetulia”. Mwili wenye hofu na mwili wenye hamu vinafanana sana: moyo uko juu, mikono ina jasho. Ni rahisi kuupa mwili huo jina jingine kuliko kuuzima.

Tena watu hawakutazami kama unavyodhani. Thomas Gilovich na wenzake waliwavisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji waliyoionea haya, wakawaingiza chumbani kwa wenzao. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wangeitambua picha hiyo. Waliotambua walikuwa kama robo tu. Yule mwanamke alipowaonyesha watu michoro ya mikono ya mama yake, kidole kisichokaa sawa kwenye mchoro wa nne hakuna aliyekitaja, nami nilisimama pale nikisikiliza jioni nzima.

Siku mbaya

Zitakuja, na nyingine zitafuatana. Siku hiyo zungumza na nafsi yako kama ambavyo ungezungumza na rafiki aliyekuletea mchoro ule ule. Wapo wanaohofu kwamba upole utawafanya wavivu. Juliana Breines na Serena Chen walilipima hilo: waliwapa watu mtihani mgumu wa msamiati, na waliokumbushwa kujihurumia baada ya kushindwa walitumia muda mrefu zaidi kujiandaa kwa mtihani uliofuata kuliko wasiokumbushwa. Nami darasani naona hivyo hivyo. Anayejichapa kwa maneno ndiye anayekosa kuja juma linalofuata.

Kama woga wako umefika mahali unakuzuia kutoka, kula au kulala, au kukutana na watu kunakupa hofu isiyoshikika, daftari pekee halitoshi. Mwone daktari au mtaalamu wa saikolojia. Hofu ya namna hiyo inatibika, na kuchora kunaweza kuendelea kando ya matibabu.

Kuhamishia kwingine

Huwa naulizwa kama mtu akishaweza kuchora mikono atakuwa jasiri kazini pia. Kwa uzoefu wangu, haihami yenyewe. Inayohama ni njia, mtu akiichukua kwa makusudi. Yule mhasibu alikuwa haongei kwenye vikao. Alifungua ukurasa wa nyuma wa daftari lake na kupanga kama tulivyopanga mikono: juma la kwanza kuuliza swali moja fupi, aliloliandika kabla, juma la pili kutoa takwimu moja bila kuombwa, juma la tatu kupinga jambo moja, kwa adabu, na sababu moja. Tarehe, muda, na sentensi moja ya alichokiona. “Niliongea haraka mno, wakaniomba nirudie, nikarudia.” Hakuandika kama alifanya vizuri au vibaya. Alishajifunza kutoandika hivyo.

Nawe baada ya miezi mitatu chagua jioni moja, fungua daftari kutoka ukurasa wa kwanza, na upitie lote bila kuruka, pamoja na zile kurasa ulizozibana. Andika kwenye ukurasa mpya mambo matatu unayoyaweza sasa ambayo mwanzoni hukuyaweza, ukitaja kurasa zinazoonyesha hivyo. Andika moja ambalo bado linakushinda. Hilo moja liwe uwanja wako mdogo wa wiki sita zijazo, na sentensi yako ya jalada la ndani ibaki ile ile, isipokuwa kama ratiba ya nyumbani imebadilika.